Kioo cha gari kufungwa kufumba na kufumbua: Yamkini au porojo?

Mpenzi msomaji, hebu fumba macho kisha uyafumbue. Umemaliza? Kitendo hicho ulichokifanya bila jasho huchukua kati ya sehemu moja na sehemu nne za kumi za sekunde. Sasa jiulize: je, kioo cha dirisha la gari, kile cha kubonyezewa swichi, chaweza kutoka chini hadi juu kwa muda uo huo?

Swali hilo si langu. Nililetewa Jumamosi moja jioni na kijana wa jirani, mwanafunzi wa kidato cha tatu, ambaye hapa nitamwita Kijana tu kwa kuwa sikumwomba mamake ruhusa ya kumtia mwanawe gazetini. Aliingia na simu mkononi, hata hodi yake hakungoja ijibiwe.

"Anko, hebu ona hii."

Nikaona. Gari dogo lililoshushwa hadi likakaribia kuibusu lami, na mkono wa mtu ukielekea kwenye swichi ya mlango. Paa! Kioo kimetoweka ndani ya mlango. Paa! Kimerudi. Hukioni kikiwa njiani. Kilikuwa chini, kisha kiko juu.

"Ni ukweli ama tunachezewa?"

Ningemjibu kwa mkato na kurudi kwenye chai yangu, lau si sababu iliyomfanya aulize. Miezi miwili kabla ya siku hiyo, mamake alikuwa amekwama kwenye msongamano wa magari akitoka kazini, kitinda mimba wake wa miaka minne akiwa kiti cha nyuma. Joto lilikuwa jingi na kioo cha dereva kilikuwa kimeshushwa nusu. Mkono uliingia, simu ikaenda. Mama mwenyewe asimulia kwamba alimwona mwizi akija, kidole chake kikaiwahi swichi, kioo nacho kikaanza kupanda kwa mwendo wake wa kobe. Kilipofika juu, mwizi alikuwa amekwisha kuvuka upande wa pili wa barabara.

Tangu siku hiyo Kijana ana hamu moja tu: gari la mamake liwe na vioo kama vya kwenye ile video. Alikwisha kuzungumza na fundi mmoja wa umeme wa magari kwenye barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado huiita Grogan. "Hiyo ni kazi ndogo, bosi," fundi alimwambia. "Tunapiga volti 24." Bei ni shilingi 12,000 kwa kila mlango. Kijana alikuwa na akiba ya shilingi 7,000.

Ndipo nikaelewa kwamba siulizwi fizikia peke yake. Naombwa pesa pia. Nikaweka kikombe chini.

Tuanze na mlango wenyewe. Ukiuvua ule ubao wa ndani, utakuta mota ndogo inayotoshea kiganjani, ya volti 12. Mota hiyo huzunguka mara maelfu kwa dakika, lakini haikigusi kioo moja kwa moja. Kwenye ncha yake kuna gia ya mfano wa skrubu inayosukuma gurudumu la meno, na gurudumu hilo huzunguka mara moja tu kwa kila mizunguko 60 au 80 hivi ya mota. Gurudumu nalo huvuta waya wa chuma unaopita kwenye vikapi, na waya huo ndio unaopandisha na kushusha kioo kikiteleza kwenye reli. Magari mengine yana mikono ya chuma inayofunguka kama mkasi badala ya waya, lakini mwanzo wa safari ni ule ule.

Usiidharau skrubu hiyo. Ina tabia moja nzuri: mota yaweza kulizungusha gurudumu, bali gurudumu haliwezi kuizungusha mota. Ndiyo sababu huwezi kusimama nje ya gari na kukisukuma kioo chini kwa viganja. Mwizi naye hawezi. Lakini usalama huo haupatikani bure. Skrubu husuguana na meno, na karibu nusu ya nguvu za mota, au hata zaidi, huishia kuwa joto.

Tulitoka na saa ya simu tukaenda kwenye gari langu, ambalo si jipya wala si la kujivunia. Mlango wa dereva, kutoka chini hadi juu: sekunde 4 na ushei. Upande wa abiria, ambao mpira wake umekaushwa na jua la miaka mingi: karibu sekunde 6. Tukapima kwa rula njia anayopita bwana kioo, tukapata sentimita 50 kasoro kidogo. Uzito hatukuupima, lakini kuukadiria si kazi. Kioo cha mlangoni aghalabu huwa na unene wa milimita 4 hivi, na mita mraba moja ya kioo cha unene huo ina uzito wa kilo 10. Dirisha la mbele, pamoja na ile sehemu iliyojificha mlangoni, halifiki nusu ya mita mraba. Tukakubaliana tuseme kilo 4.

Sasa twende mezani. Wewe usiyependa hesabu waweza kuruka aya chache; nitakungoja ng'ambo.

Kioo kinachotumia sekunde 4 hupanda kwa mwendo wa sentimita 12 au 13 kwa sekunde, polepole kuliko mtu anayenyata. Kazi iliyopo ni kuubeba uzito wa kilo 4 na kuushinda ukwaruzo wa mipira, ambao tuliukadiria kuwa sawa na kubeba kilo 6 nyingine. Ukiacha hasara za gia, kazi hiyo yote inataka wati 12 au 13. Balbu ya kisasa ya sebuleni hula kiasi hicho hicho.

Kijana alitaka nusu sekunde. Hapo kioo lazima kianze kwa kishindo na kisimame kwa adabu, yaani kiongeze kasi kwa nusu ya kwanza ya njia na kuipunguza kwa nusu ya pili. Katikati ya safari kitakuwa kinakwenda mita 2 kwa sekunde. Nguvu ya kukisukuma haiongezeki sana, kwa sababu uzito ni ule ule na ukwaruzo ni ule ule. Kinachoongezeka ni nguvu ya kukiharakisha, sawa na kama kilo 3. Lakini kwa kuwa mwendo umepanda, wati zimefika 260 hivi, mara 20 ya zile za kwanza. Kwa betri ya volti 12 hizo ni ampia 22, na ukizihesabu zile zinazopotea kwenye skrubu, ampia 40 na zaidi. Fyuzi ya madirisha aghalabu ni ya ampia 20 au 30. Imezidiwa. Hata hivyo, ukiweka mota kubwa zaidi, gia nyingine na waya nene za umeme, hakuna sheria yoyote ya maumbile inayokuzuia. Kwa hivyo nusu sekunde yawezekana, tena bila miujiza.

Sehemu moja ya kumi ya sekunde je, ule muda wa kufumba na kufumbua kwa haraka? Hapa ndipo Kijana alipoanza kujikuna kichwa. Ukikata muda nusu, nguvu ya kukiharakisha kioo haizidi mara mbili. Huzidi mara nne. Na kwa kuwa mwendo nao umezidi mara mbili, wati za kuharakisha huzidi mara nane. Kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kioo lazima kifikie kilomita 36 kwa saa katika sentimita 25 za kwanza, kisha kisimame kabisa katika sentimita 25 zilizobaki. Nguvu ya kukisukuma ni kama mtu mzima wa kilo 80 amekikalia. Wati zinafika 9,000, yaani karibu na nguvu zote za injini ya boda boda ya sisi 150, kwa ajili ya dirisha moja! Ukizitaka kutoka kwenye betri ya volti 12, hizo ni ampia 750. Stata ya gari dogo, ile inayoiamsha injini nzima asubuhi ya baridi ya Limuru, huvuta ampia 100 hadi 200 hivi.

Na ile dawa ya fundi, volti 24? Kijana aliniangalia kama kwamba ningemtetea fundi. Mota ya namna hii ukiipa volti maradufu huzunguka karibu mara mbili. Basi. Sekunde 4 zitakuwa 2. Shilingi 12,000, na hakuna "paa" yoyote. Tena kioo kikikwama, mkondo wa umeme utakuwa maradufu na joto ndani ya mota litakuwa mara nne. Lile gurudumu la meno katika magari mengi ni la plastiki. Sitaki kumharibia mtu riziki, lakini kazi hiyo singeilipia.

Kuna jambo moja ambalo liliniacha nikicheka peke yangu. Kushuka ni bure. Kitu chochote kikiachiliwa kianguke nusu mita, huchukua theluthi moja ya sekunde. Yeyote aliyewahi kukatikiwa na ule waya wa chuma mlangoni analijua hilo: unasikia "puu!" na dirisha halipo, na jioni unarudi nyumbani umefunika mlango kwa karatasi ya nailoni. Kwa hivyo ile "paa" ya kwanza kwenye video ingefanywa hata na gari bovu. Ni ya pili ndiyo inayotaka maelezo.

Tena umeme si njia pekee. Mabasi makubwa ya jiji yana mitungi ya hewa iliyoshindiliwa kwa ajili ya breki, kwa shinikizo la karibu mara nane ya hewa ya kawaida, na mengine huitumia hewa hiyo kufungulia milango. Chukua bomba lenye pistoni ya upana wa sentimita 3, uliunganishe na mtungi kama huo. Pistoni hiyo itasukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 50 na zaidi, na kioo chetu cha kilo 4 kitafika juu kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde au chini yake. Hakuna ampia 750 hapo. Kijana alisimama kabisa aliposikia hayo. Nikamwambia akae, maana hatujauliza kitasimamaje.

Wapo waliopita njia inayofanana na hii zamani. Madirisha ya kupandishwa kwa mashine si ya leo. Kampuni ya Packard ya Marekani ilianza kuyauza mwaka 1940. Lakini yaliyovuma kwa kasi ni ya Mercedes-Benz 600, gari la Ujerumani lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963 na kuundwa hadi mwaka 1981. Yaliundwa 2,677 tu. Rais Tito wa Yugoslavia alikuwa nalo, na mwimbaji Elvis Presley vile vile. Mafundi wake hawakutaka kusikia sauti ya mota mlangoni, kwa hivyo walitumia mafuta yaliyosukumwa na pampu ya injini kupitia mirija myembamba, kwa shinikizo la karibu mara 150 ya hewa ya kawaida. Gurudumu la gari lako lina kama mara mbili. Mafuta hayo yaliendesha madirisha, viti, hata mfuniko wa buti. Kadiri ulivyobonyeza swichi ndivyo kioo kilivyokwenda kasi, tena kimya kimya. Na hakikuwa na kitu chochote cha kukiambia kirudi kikikuta mkono njiani.

Nitalirudia hilo la mkono. Kwanza tuimalize ile video.

Simu nyingi hupiga video kwa picha 30 kila sekunde. Jambo lililochukua sehemu moja ya kumi ya sekunde lazima lionekane kwenye picha tatu hivi, hata kama ni kama ukungu. Tukaisimamisha video ya Kijana, tukaisogeza picha moja baada ya nyingine. Picha hii, kioo kiko chini. Picha inayofuata, kiko juu, kimetulia, hata mng'ao wa taa juu yake hautikisiki. Ina maana kilisafiri nusu mita kwa chini ya sehemu moja ya thelathini ya sekunde. Kwa hilo kingehitaji kufikia kilomita 108 kwa saa ndani ya sentimita 25, kisha kusimama kwa sentimita 25 nyingine bila kutikisa mlango. Wakati huo kidole kilichokuwa kwenye swichi kiliruka pia, kidogo tu, kama mtu aliyeshtuka. Yaani video ilikatwa ikaungwa. Jamaa alingoja kioo kipande taratibu kama cha watu wengine wote, kisha akaitupa ile sehemu ya katikati.

"Kwa hivyo ni uongo," Kijana akasema, amenywea.

Hiyo video, ndiyo. Jambo lenyewe, hapana. Tumekwisha kuona kwamba nusu sekunde ni kazi ya fundi hodari, na kwa hewa iliyoshindiliwa hata sehemu moja ya kumi yafikika. Hata airbegi, ule mfuko wa usalama ulio kwenye usukani, hufura kwa sehemu tatu au nne tu za mia za sekunde, ingawa hufanya hivyo mara moja kisha ukanunua mwingine. Wenye magari wangekuwa na madirisha ya kasi miaka mingi iliyopita kama wangeyataka. Hawakuyataka kwa sababu ya kusimama.

Fikiria. Kioo cha kilo 4 kinachofika juu kwa mita 10 kwa sekunde ni sawa na kioo kilichoangushwa kutoka kimo cha mita 5. Kioo cha mlangoni kimechomwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 600 na kupozwa ghafla kwa hewa ili kiwe kigumu, na kweli ukikipiga usoni huvumilia mengi. Kwenye ukingo ni dhaifu, na kikipasuka humwagika chote kuwa vipande vidogo vidogo kama mahindi ya kupukuchua. Na ni ukingo huo huo ndio unaogonga fremu ya juu. Lakini kioo hununuliwa. Vidole havinunuliwi.

Madirisha mengi yanayojifunga kwa mguso mmoja, yale yenye neno AUTO kwenye swichi ya dereva, yana kifaa kinachohesabu mizunguko ya mota. Mota ikipungua kasi ghafla kabla ya wakati wake, kompyuta ya gari hukisia kwamba kuna kitu kimebanwa, hukata umeme na kuigeuza mota irudi nyuma. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 21, ambayo nchi nyingi za Ulaya huifuata, inataka dirisha la namna hiyo lirudi kabla halijabana kwa nguvu ya nyutoni 100, takriban uzito wa kilo 10, pale nafasi iliyobaki ikiwa kati ya milimita 4 na milimita 200. Milimita 4! Walioandika walikuwa wakifikiria kidole cha mtoto. Marekani imeandika kiasi hicho hicho katika kanuni yake nambari 118, ingawa si kwa kila dirisha, na mwaka 2005 bunge lake liliagiza kwamba swichi ziwe za kuvutwa ndipo kioo kipande. Swichi za kusukuma zilikuwa zikibonyezwa na magoti ya watoto waliochungulia nje.

Sasa tia kasi ndani ya hesabu hiyo. Tuseme kifaa kinahitaji sehemu tano za mia za sekunde kuhisi, kukata umeme na kusimamisha mota. Kwa kioo cha sekunde 4, hizo ni milimita 6 za safari. Mpira wa fremu na nyama ya kidole zaweza kuzimeza; kutakuwa na kilio na alama nyekundu. Kwa kioo cha Kijana cha nusu sekunde, kikiwa katikati ya njia, ni sentimita 10. Kidole cha dadake hakifiki unene wa sentimita moja. Kwa kioo cha kufumba na kufumbua, kifaa kitakuwa bado kinafikiri wakati safari imekwisha.

Mwanadamu mwenyewe ni mzito zaidi ya kifaa. Ukiona hatari, robo sekunde hivi hupita kabla mkono wako haujaanza kutii. Katika robo hiyo kioo cha kawaida kimepanda sentimita 3 na mkono umetoka. Kile cha nusu sekunde kimefika katikati. Ule mwendo wa kobe ambao mama alililia siku ya mwizi ndio unaompa mtoto wake nafasi ya kuutoa mkono. Usitarajie nikuimbie "haraka haraka haina baraka". Ni kwamba tu kobe huyo aliwekwa pale makusudi.

Maneno hayakutosha kwa Kijana, basi nikaenda jikoni nikachukua karoti mbili, nene kama kidole gumba changu. Ya kwanza tuliiweka kwenye dirisha la dereva, lenye AUTO. Kioo kikapanda, kikaigusa, kikasita, kikarudi chini. Karoti ilikuwa na alama tu. Ya pili tuliiweka kwenye mlango wa nyuma, ambao hauna AUTO. Magari mengi tunayoyaagiza yakiwa yametumika huko Japani hupewa huduma hiyo kwa dereva peke yake. Nikaishikilia swichi. Kioo kikapanda taratibu, kikaibana, kikaendelea kubana, na karoti ikakatika kwa mlio ambao sikuupenda. Mpenzi msomaji, kioo hicho kilikuwa kinakwenda kwa sekunde 4. Ukitaka kujaribu, tumia karoti na mtu asiyecheka aishike swichi.

Kijana aliokota kile kipande kilichoangukia nje, akakitazama kwa muda mrefu.

"Na mwizi je?" aliuliza.

Swali la haki, maana ndilo lililotuleta hapa. Tukalipima vile vile kwa saa. Nilimketisha kwenye kiti cha dereva, mikono kwenye usukani, nami nikasimama nje kama mwizi. Alitakiwa kubonyeza swichi anaponiona naunyosha mkono. Kati ya kuniona, kuuondoa mkono kwenye usukani, kuitafuta swichi na kuibonyeza, ilipita karibu sekunde nzima kila mara, naye alikuwa anajua kwamba nakuja. Mkono wangu ulikuwa tayari ndani mara zote tano. Kioo kiwe cha sekunde 4 au cha sehemu moja ya kumi, kingekuta mkono umo ndani. Tofauti ni kwamba kile cha kasi kingeukata, au kuuvunja. Na kesho mkono huo si wa mwizi. Ni wa mwenye kuuza njugu, au wa askari wa trafiki anayeomba leseni, au wa mtoto aliye nyuma anayempungia nyanya yake. Wakili ningemwachia mama atafute mwenyewe.

Kinachosaidia ni kitu kisicho na utamu wa video. Kioo kipandishwe kabla ya kuufikia msongamano, kibakizwe upenyo wa vidole viwili kama joto limezidi, na simu isikae mapajani wala sikioni. Mpira uliokauka, kama ule wa upande wangu wa abiria, hupakwa silikoni ya kupuliza, na kioo hurudi karibu na mwendo wake wa zamani. Wangu ulitoka sekunde 6 ukawa 4 na nusu siku iliyofuata, kwa mkebe ambao haukufika hata shilingi 1,000. Hiyo ndiyo kasi ya halali ambayo fundi angeweza kumwuzia Kijana.

Jioni ile ile tulikwenda kwao. Mama alisikiliza hadithi ya karoti akiwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Hakuuliza lolote kuhusu wati wala ampia. Aliuliza, "Na hivyo vya nyuma, vyaweza kuzimwa?"

Kijana akashuka hadi kwenye gari, akamwonyesha kitufe kidogo kwenye mlango wa dereva, chenye mchoro wa dirisha lililopigwa alama ya mkasi. Ukikibonyeza, swichi za abiria hazifanyi kazi tena. Mama alikuwa ameliendesha gari hilo miaka mitatu na alidhani ni la kufungia milango. Akakibonyeza, akamwita kitinda mimba aje ajaribu cha kwake.